Mikono Isiyopakwa Mafuta

Kama ungemwona Annah akitoka kanisani Mountain View, Julai ile ya mwaka wa 2006, na wewe pia ungesema waliyosema wenzako: yule mama hatunzwi. Gauni limepigwa pasi, viatu vinang'aa, nywele zimesukwa zikasukika, lakini mikono, jamani, mikono. Ilikuwa imepauka ikawa rangi ya majivu. Vifundo vilikuwa vimepasuka, na kwenye kidole gumba cha kulia palikuwa na ufa uliofunguka kila akikunja ngumi. Baridi ya Julai Nairobi haina huruma na ngozi ya mtu, na hata asiye na kitu hakosi mafuta kidogo ya kujipaka kabla hajatoka nje. Mtu akitoka bila mafuta, watu humhesabu kama hajanawa uso.

Annah hakuwa mchafu wala hakuwa mvivu. Alikuwa amekatazwa. Kazi yake ilikuwa katika karakana moja Upper Hill, kwenye nyumba kuukuu iliyobanwa katikati ya majengo ya mabenki. Mwenye karakana, Daktari Macharia, alikuwa amesomea elimu ya mwanga ng'ambo, na alikuwa amepata kandarasi ya kutengeneza sehemu ya chombo kinachoitwa spektrografu. Annah alilazimika kumweleza mama mkwe wake, Wanjugu, mara nyingi kabla hawajaelewana.

"Kuna darubini kubwa mlimani, nchi ya mbali," alimwambia. "Mwanga wa nyota ukiingia hapo, unapitia kwa nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, mpaka kwa hicho chombo. Chombo kinaupasua, unakuwa rangi rangi. Wenye kusoma wakiangalia hizo rangi wanajua nyota imeumbwa na nini. Sasa mimi kazi yangu ni kupanga ncha za hizo nyuzi kwa safu moja, kila uzi kwa mfereji wake, halafu nazigandisha na gundi. Uzi mmoja ukisogea, rangi zinaingiliana na nyota inasomwa uongo."

Wanjugu alikuwa amefuga ng'ombe Limuru maisha yake yote hadi shamba lilipogawanywa na wanawe wakakosa pa kulishia. Alisikiliza, akakubali yote ya nyota bila shida. Kilichomkwama kooni ni kimoja.

"Na mafuta yamekosea nini?"

"Gundi ikikuta mafuta haishiki, Mama. Hata alama ya kidole tu."

"Basi hiyo gundi ni mbovu," Wanjugu akasema, na akaendelea kumenya viazi.

Walikuwa wakiishi katika nyumba ndogo nyuma ya jumba la mwenye nyumba wao: Annah, mume wake Mungai, mtoto wao Becky, na Wanjugu. Mungai alikuwa msafishaji picha katika duka moja Adams Arcade, mpaka watu walipoacha filamu wakaanza kupiga picha kwa kamera zisizohitaji kusafishwa. Duka likafungwa. Tangu hapo nyumba nzima ilikuwa ikila kwa vidole vya Annah, na hakuna aliyelisema neno hilo kwa sauti, kwa sababu Mungai alikuwa anasikia hata lisiposemwa.

Jumapili moja, baada ya ibada, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama alimnyoshea Annah mkono, akautazama, kisha badala ya kuushika kiganja akamshika kifundo cha mkono, vile unavyomsalimia mtu anayetoka shambani na matope. Halafu akamgeukia Mungai na tabasamu lake lote.

"Baba Becky, kwani mafuta siku hizi yanatoka ng'ambo?"

Akina mama wakacheka. Si kicheko kibaya sana, ni kile cha watu wanaojuana, lakini hicho ndicho kinachouma zaidi. Mungai alicheka pamoja nao. Alipofika nyumbani alisema hana njaa, akaenda kulala na viatu miguuni. Wanjugu, aliyekuwa amesimama pale nyuma yao kanisani na Biblia kifuani, hakusema kitu siku ile wala iliyofuata.

*

Kila asubuhi karakanani ilianza kwa kioo. Annah na mwenzake, Nzula, waliosha mikono kwa sabuni, wakaipangusa kwa spiriti, kisha wakabonyeza vidole vyote kumi juu ya kipande cha kioo cheusi. Daktari Macharia alikimulika kwa taa, akainama akatafuta. Akiona alama yoyote ya mafuta, siku hiyo unarudi nyumbani. Ukipita, unavaa glavu nyeupe za pamba, nyembamba, unakaa mezani na hadubini mbele yako, na kwa saa nzima huongei kwa sababu hata pumzi inasogeza uzi.

Nzula alikuwa msichana wa Kitui aliyepanga chumba Kangemi, mwepesi wa maneno, mwenye kuimba chini chini. Yeye alikata nyuzi na kuzisafisha. Alimpitishia Annah, na Annah akazilaza, mmoja mmoja, mpaka ncha zote zikatazama upande mmoja. Walikuwa wameelewana kiasi kwamba Nzula alinyosha mkono na Annah akapokea bila yeyote kuinua macho.

Kulikuwa na sheria nyingine, ndogo, na hii Annah aliivunja. Glavu hazikutakiwa kutoka nje ya karakana. Zilifuliwa pale pale, kwenye sinki la nyuma, kwa sabuni kali ya Daktari. Sabuni ile ikiingia kwenye nyufa za mikono ya Annah iliwasha kama pilipili. Basi alikuwa akizikunja jozi zake mbili, anazitia mfukoni, anakwenda kuzifua nyumbani. Siku hizi Wanjugu alikuwa akimpokea mlangoni, anamnyang'anya. Lete hapa, wewe umefanya kazi kutwa.

Tena, kama ungemuuliza Annah wiki zile, angekuambia Mungu amemwonea huruma, maana nyufa zilikuwa zimeanza kufunga. Ule wa kidole gumba ulikuwa umebaki kistari tu. Alidhani baridi inapungua.

*

Safu ya mwisho ilikuwa imekamilika. Mlimani kuna baridi, kwa hiyo kila safu ilitiwa kwenye friza usiku mzima kabla ya kupimwa, ionekane kama itastahimili. Daktari alikuwa amemwahidi Annah kwamba hii ikipita, ataandikwa kazi ya kudumu na atakuwa fundi mkuu wa meza, kwa sababu wenye darubini walitaka chombo kingine. Annah alikuwa amemwambia Mungai tayari. Mungai alikuwa amemwambia mwenye nyumba. Mwenye nyumba, tangu hapo, alikuwa akiwasalimia.

Daktari alitoa safu kwenye friza, akaiacha ipate joto, akawasha taa upande mmoja wa nyuzi, kisha wote watatu wakageukia kompyuta. Kwenye skrini kulitakiwa kuonekana mstari wa nukta za mwanga, zimenyooka, zimeachana sawasawa. Annah alikuwa ameshaziona nukta hizo mara nyingi na bado zilimfurahisha.

Zilikuwa zimetawanyika. Moja imepanda, nyingine imezama, mbili zimelaliana, na katikati palikuwa na giza ambapo nyuzi zilikuwa zimeng'oka kabisa kwenye mifereji yake.

Daktari alizima taa, akawasha tena, kana kwamba ni taa iliyokosea. Nukta zikarudi vile vile. Akaichukua safu, akaiweka chini ya hadubini, akatazama muda mrefu sana. Alipoinua kichwa uso ulikuwa umebadilika.

"Gundi haikushika," alisema polepole. "Kuna mafuta chini yake."

"Haiwezekani," Annah akasema.

"Mimi ndiyo nimeyaona. Leteni mikoba."

Alianza na wa Annah. Kulikuwa na kitana, kitambaa, sweta ya Becky ya kushonwa kifungo. Akachukua wa Nzula, na kwa sababu ya haraka, au kwa sababu hakujali, hakutoa kitu kimoja kimoja. Aliugeuza. Vitu vyote vya msichana vikamwagika mezani: funguo, sarafu, pedi, picha ya mwanaume aliyevaa kofia, na kijichupa cha losheni cha kubana mkononi.

"Hii ni nini?"

"Daktari, hiyo napaka nikitoka. Jioni. Nikifika steji." Nzula alikuwa akizifunika zile pedi kwa kiganja. "Haki sijawahi kupaka nikija kazi. Si unaniangalia kila asubuhi kwa kioo?"

"Kwa hivyo yalitoka wapi? Yaliruka yenyewe?"

"Annah, mwambie."

Annah hakumwambia. Ukweli ni kwamba aliamini ni Nzula. Alikiona kile kichupa na akahisi hasira imempanda, akifikiria miezi yote aliyokaa anapauka, anashikwa kifundo kanisani, huku msichana huyu anatembea na losheni kwenye mkoba. Alisimama pale akatazama sakafu. Nzula alimtazama, akangoja, kisha akaanza kukusanya sarafu zake moja moja. Alipotoka, Daktari hakumfungulia hata mlango.

"Tutaanza upya kesho," Daktari alimwambia Annah. "Wewe na mimi. Uje na mikono hiyo hiyo."

*

Nyumbani hakumweleza mtu. Alisema kuna safu moja imeharibika, watairudia. Mungai akauliza kama ile ahadi bado ipo, akasema ipo. Wanjugu alikuwa amekwenda kwa jirani kuomba dania.

Kesho ilikuwa siku ya kuanza upya, na Annah alitaka glavu ziwe safi kuliko zilivyowahi kuwa. Jozi moja ilikuwa mfukoni mwake, nyingine ilikuwa kwenye kamba, imekauka. Alizichukua zote mbili hadi kwenye jiwe la kufulia, akamwaga maji kwenye beseni, na kwa vile alitaka kuzisugua kila mahali, akageuza ya kwanza ndani nje.

Kidole chake kiliteleza.

Alikitazama kile kidole. Akakisugua kwa kingine. Akaileta glavu puani, na harufu akaijua mara moja, kwa sababu aliolewa kwenye nyumba iliyokuwa na harufu hiyo asubuhi na jioni. Yalikuwa yale mafuta mazito ya kupaka chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua. Akageuza ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa zimepakwa ndani, kila kidole, kwa uangalifu, mpaka kwenye ncha. Nje zilikuwa nyeupe pee.

Nyuma ya ndoo, palipokuwa na sabuni ya mche, kulikuwa na mkebe. Ulikuwa umefunikwa vizuri na juu yake umewekewa jiwe dogo usifunguliwe na paka.

Annah alikaa chini kwenye saruji yenye maji, gauni likalowa, asijali. Kioo cha Daktari kilikuwa kikipima mikono kabla haijavaa glavu. Asubuhi mikono ilikuwa na ganzi ya baridi na spiriti, isihisi utelezi. Halafu mikono ikiingia, ikipata joto la kazi, mafuta yakayeyuka yakapenya pamba kidogo kidogo, yakafika kwenye kila uzi alioushika. Kwa hiyo alikuwa ni yeye. Kila uzi uliong'oka ulikuwa umepita kwenye vidole vyake. Na picha iliyomjia haikuwa ya nyota wala ya safu, ilikuwa ya Nzula akifunika vitu vyake kwa kiganja.

Wanjugu alirudi na dania yake, akamkuta bado amekaa.

"Mama Becky, umeanguka?"

"Hapana, Mama." Annah alikuwa ameshazikunja glavu. "Hizi umekuwa ukizifua na nini?"

"Na sabuni. Kwani watu hufua na nini?" Wanjugu aliuchukua mkono wake, akaugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba chake juu ya vile vifundo. Uso wake ulijaa raha ambayo alijaribu kuificha. "Ngozi inarudi. Unaona? Mungu si Athumani."

Angemwambia pale pale. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alimtazama mama huyu ambaye shamba lake liligawanywa kama mkate, ng'ombe wake wakauzwa mmoja mmoja, akaletwa mjini kukaa kwenye chumba kimoja na mjukuu, na ambaye hakuwa amebakiwa na kazi yoyote duniani ila kuwasaidia. Na kweli, alikuwa amesaidia. Annah akazitia glavu mfukoni, akaenda kumsaidia kukata dania.

*

Asubuhi alifika kabla Daktari hajamaliza chai yake. Aliweka glavu mezani, zimegeuzwa ndani nje.

"Daktari, si Nzula. Ni mimi."

Macharia alizitazama, akainua moja kwa ncha ya kalamu, akanusa. Akakaa.

"Hii ni nini?"

"Mafuta ya kukamulia ng'ombe. Nilipaka ndani. Mikono ilikuwa inaniuma sana."

"Wewe?"

"Mimi."

"Annah, wewe ndiye uliyekuwa unamfundisha Nzula hizi sheria." Hakupaza sauti. Alionekana mtu aliyepigwa na mtu wa nyumbani. "Glavu zilitokaje hapa?"

"Nilizibeba kwenda kufua nyumbani."

Hapo hakudanganya, na hapo ndipo alipojiambia kwamba hata haya mengine si uongo mkubwa. Angemwambia ni mama mkwe, ingesikika kama kisingizio cha mtoto wa shule. Tena nani aliyezitoa glavu nje? Si Wanjugu.

Daktari alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Wakati mwingine mtu mwema hufanya hesabu mbaya, na Macharia alikuwa mtu mwema.

"Sikiza," alisema. "Wenye darubini nimewaambia jana kwamba aliyekosa ameenda. Wamekubali. Nikiwaambia leo kwamba ni fundi wangu mkuu, watachukua kazi yote, na hapa tutafunga. Nzula ni kijana, atapata kazi. Tupa hizo glavu. Nenda uoshe mikono, tuanze."

Kiti chake kilikuwa pale, na hadubini imefunuliwa. Annah alikitazama. Alimwona Mungai akimwambia mwenye nyumba kuhusu ile kazi ya kudumu, Becky na sweta yake, sufuria jikoni. Hakuna mtu angejua. Angeosha mikono tu. Alisimama hapo kitambo, na isidhaniwe kwamba hakutamani. Alitamani sana, akajiogopa.

"Mpigie Nzula simu, Daktari."

"Nikimpigia, wewe huna kazi hapa. Siwezi kuwaweka wote wawili nikaeleweka."

"Najua."

Macharia akachukua simu.

Nzula alifika kabla ya saa sita, amevaa vizuri, macho yamevimba. Alisimama mlangoni kana kwamba sakafu ile si yake. Daktari alimweleza kwa maneno machache, akamwomba msamaha, akasema kiti kipo, kisha akatoka nje maana hakuweza kuwatazama. Wanawake wawili wakabaki.

"Pole, Nzula," Annah akasema.

Uso wa Nzula ulikuwa ukipanga jambo.

"Ulipaka wewe mwenyewe? Ndani ya glavu?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo jana, nikimwagiwa vitu vyangu hapa mezani, pedi zangu mbele ya mwanaume, nikakuambia mwambie, ulikuwa unajua?"

Annah hakuwa amelifikiria hilo. Njia nzima kutoka Mountain View alikuwa amepanga atakachomwambia Daktari, na hakuona kwamba uongo huo huo ungefika mpaka hapa. Jana hakujua. Lakini mtu atajipaka mafuta kwa mkono wake mwenyewe na asijue?

"Jibu, Annah. Mimi nilikuwa nakuita dada."

Angesema ni mama yangu, sikujua, naapa. Halafu Nzula angemwambia Daktari, na Daktari, kwa kutaka kumrudisha fundi wake, angetuma mtu Mountain View au angekwenda mwenyewe kumwuliza Wanjugu. Na Wanjugu angejua.

"Nilikuwa najua," Annah akasema.

Nzula alimtazama kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua. Kisha akapita pembeni yake, akaketi, akavuta kiti karibu na meza. Annah alinyosha mkono kumuaga. Nzula aliuona, ule mkono ulioanza kupona, na akavaa glavu zake.

*

Mungai alikuwa uani, anaparura geti la mwenye nyumba alipake rangi. Alipomwona mke wake anaingia jua likiwa bado juu, aliweka brashi chini. Wanjugu alikuwa kwenye kigoda, anamenya njegere kwenye sufuria.

"Kumetokea nini?"

"Nimefutwa," Annah akasema. Alisema hivyo hivyo, amesimama. "Ile safu iliharibika kwa sababu ya mafuta. Ni mimi nilikuwa nayo mikononi."

Mungai hakuelewa kwanza. Ilimchukua muda maneno yamfikie, na yalipomfikia uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

"Ulijipaka mafuta?"

Annah aliweka mkoba chini.

"Mimi nimechekwa kanisani kwa sababu ya hiyo mikono. Nimeulizwa kama nimeshindwa kumnunulia mke wangu mafuta, nikacheka, nikanyamaza, nikajiambia ni kazi, tutavumilia. Halafu wewe kumbe unapaka." Aliisukuma brashi kwa mguu. "Nitamwambia nini mwenye nyumba? Nitamwambia nini Becky? Ulishindwa kungoja hata kazi iandikwe?"

"Mungai, usimfokee hivyo," Wanjugu akasema.

"Mama, niache. Huyu ametumaliza."

"Nimesema usimfokee. Mwanamke ana mikono inavuja damu, wewe unataka afanye nini?" Wanjugu aliweka sufuria chini, akajifuta viganja kwa leso. Alimgeukia Annah, na sauti yake ilikuwa ya upole, lakini ndani yake mlikuwa na lawama ya mtu aliyejitahidi akaangushwa. "Ila na wewe, mwanangu, umenivunja moyo. Mimi nilijua hutaweza kuvumilia. Nilijua siku moja utashindwa, utapaka, wakufukuze. Ndiyo maana nikawa nakusaidia kimya kimya. Kila nikifua zile glavu, nazipaka dawa ya ng'ombe, ndani, kule ndani kabisa ambako haigusi kioo chao, ili mikono ipone bila wewe kukosa. Na ilikuwa inapona, nimeiona mimi mwenyewe. Ungengoja kidogo tu."

Mungai alikuwa amemgeukia mama yake, kisha, polepole sana, akamgeukia mke wake. Rangi ilimtoka usoni. Midomo yake ilianza kutengeneza neno, na Annah alimtazama, akamtazama tu, bila kupepesa, mpaka midomo ile ikafunga.

Wanjugu alikuwa bado anangoja jibu, kichwa amekiinamisha upande, kwa sababu alitaka walau aambiwe kwamba amesikika.

"Ni kweli, Mama," Annah akasema. "Ningengoja."